Wanaotupeleka mapangoni wabanwe



Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze yaliyotupata sisi watu wa Bonga tulipokwenda Tanga mwisho wa juma kutembelea Mapango ya Amboni. Tulikuwa 19, wengi wetu hatujawahi kuingia pangoni, akiwamo binti wa dada yangu mwenye miaka 15. Kila mmoja alimlipa mwandaaji wa safari shilingi 160,000.

Jumamosi asubuhi ilikwenda vizuri. Tulitembezwa na mwongozaji wa pale katika pango lililofunguliwa kwa wageni, tukasimuliwa habari za Osale Otango, aliyejificha Amboni miaka ya 1950 akiwakimbia askari wa Mwingereza. Mwongozaji alituhesabu tukiingia, akatuhesabu tena tukitoka.

Alasiri ndipo mambo yalipoharibika. Mwandaaji alisema kwa shilingi 20,000 za nyongeza atatuonyesha shimo ambalo watalii hawalioni. Waongozaji wa pale hawakuambiwa. Nami nililipa nikaingia bila kuuliza, na kwa hilo najilaumu mpaka leo. Tulikuwa na tochi nne, mojawapo ya simu. Njia ikawa nyembamba, tukatambaa; waliozoea wakatangulia na mwanga wao, wageni tukabaki nyuma tumeshikana nguo. Binti yetu, aliyekuwa wa mwisho, aliteleza akatumbukia kwenye mwanya na kuteguka kifundo cha mguu. Hakuna aliyetuhesabu. Tulipofika nje ndipo tukagundua hayupo. Alikaa peke yake gizani dakika 40, akiita, popo wakimpitia usoni.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mlangoni hapakuwa na mtu. Dereva wa Coaster alikuwa amekwenda mjini kutafuta mafuta, na hakuna aliyejua tumeingia wapi wala tulipaswa kutoka saa ngapi. Wale vijana 12 wa Thailand na kocha wao, walionaswa na maji katika pango la Tham Luang tarehe 23 Juni 2018, walianza kutafutwa usiku uleule. Baiskeli walizoacha mlangoni ndizo zilizoonyesha walipo. Hata hivyo wa mwisho walitolewa tarehe 10 Julai, na mzamiaji mmoja alikufa akiwasaidia. Sisi hatukuacha chochote mlangoni. Kama sote tungekwama, wa kututafuta wangeanzia wapi?

Kuna na suala la popo. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa kwa ugonjwa wa Marburg baada ya kuingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Sisemi popo wa Tanga wana ugonjwa huo. Ila anayepeleka watoto penye popo hana budi kuwaambia wasishike kinyesi chao na wasile kabla ya kunawa. Hatukuambiwa lolote, na karanga zililiwa humohumo pangoni.

Wazoefu wa mapango hawaingii bila taa tatu kwa kila mtu, na humwachia mtu wa nje saa ya kurudi. Tochi za ziada kwa msafara mzima zisingefikia hata zile 20,000 alizochukua kwa kila kichwa.

Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inadai leseni kwa wanaofanya biashara hii. Naiomba wizara, na Halmashauri ya Mji wetu wa Babati, zisingoje mtu afe: kabla gari halijaondoka, mwandaaji aonyeshe leseni, orodha ya majina yenye namba za simu za nyumbani, na taa ya kila abiria. Mwandaaji wetu nilipomtaka agharamie matibabu alinijibu kwamba tuliingia kwa hiari yetu. Mtoto ambaye hajawahi kuliona giza la pangoni alikuwa amekubali nini?

Tangu barabara ya lami ya kwenda Kondoa izinduliwe mwaka 2018, kwenda Kolo kuona michoro ya kale ya miambani imekuwa safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Mwandaaji yuleyule ameshatangaza ya mwezi ujao. Tangazo linasema baada ya michoro wataingia “mapango yasiyojulikana”, na wengi walioandikisha majina ni wanafunzi.

Mzazi na msomaji wako,
Bonga, Babati, Manyara