Kasongo: kazi ya muziki wa kompyuta isidharauliwe

Kijana aliyekimbia Kabambare akafika Kasongo na simu tu mkononi, akisema anataka kutengeneza muziki wa kompyuta, wazazi wanamcheka. Si haki. Rey Sapienz, Mkongomani, alibakia Kampala tangu 2012, wakati wa vita mashariki ya Kongo. Huko alishiriki kuanzisha Hakuna Kulala, nyumba inayotoa muziki wa dansi wa kielektroniki. Mwaka 2021 kundi lake likatoa albamu Na Zala Zala.

Mwenye sono analipwa kwa kila ndoa, lakini kijana anayepiga nyimbo usiku kucha mara nyingi anapewa sahani ya wali tu (na bado anasukuma jenereta). Naye alipwe franka zake, na bei ipatanwe mbele ya sherehe, si kesho yake.