Mzimamoto Aliyefungiwa Mlango

Hivi majuzi niliombwa kuketi katika kiti cha mwamuzi wakati wanafunzi wa kidato cha tatu walipokuwa wakijadiliana. Hoja iliyokuwa mbele yao ilidai kwamba mchezaji wa kandanda anayeihama nchi yake na kwenda kucheza ughaibuni kwa ajili ya fedha ni msaliti. Waliounga mkono hoja walikuwa wasemaji hodari. Walitaja bendera, walitaja jasho la wazazi na damu ya mashujaa, na kila walipolitamka neno "fedha" walilitamka kama mtu atemaye mbegu chungu ya chungwa. Waliopinga walijikwaajikwaa. Kwa mujibu wa kanuni za mjadala sikuwa na budi kuwapa ushindi waliosema vizuri zaidi, nami niliwapa. Lakini niliondoka pale moyo wangu ukiwa mzito, hasa kwa kuwa waliopiga makofi kwa nguvu kuliko wote walikuwa walimu.

Mwamuzi haruhusiwi kuchangia. Mwandishi wa safu hii anaruhusiwa, na kwa hiyo naomba leo nieleze kisa nilichokuwa nacho ulimini siku ile, kisa cha mshambuliaji mmoja wa Uswidi aitwaye Gunnar Nordahl.

Nordahl alizaliwa mwaka wa 1921 huko Hörnefors, kitongoji cha kaskazini mwa Uswidi kilichotegemea kiwanda cha malighafi ya karatasi. Walikuwa ndugu watano, na wote watano walifika hadi ligi kuu ya nchi yao, jambo ambalo sijui ni familia ngapi duniani zinazoweza kujivunia. Gunnar ndiye aliyewapita wote. Alikuwa pande la mtu, mabega kama mlango wa ghala, na walinzi waliojaribu kumzuia walijikuta wakiburutwa naye hadi karibu na lango. Mwaka wa 1944 alihamia klabu ya IFK Norrköping, na klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa Uswidi mara nne mfululizo, kuanzia 1945 hadi 1948.

Hata hivyo, mfumaji huyo wa mabao hakula kutokana na mabao. Alikuwa mzimamoto. Kengele ya moto ilipolia, alivaa kofia ya chuma na kupanda gari pamoja na wenzake, na alipopata nafasi alivaa viatu vya kandanda. Sheria za Uswidi wakati huo zilitaka iwe hivyo. Shirikisho la kandanda la nchi hiyo liliruhusu wachezaji wa ridhaa tu, yaani wale wanaocheza kwa kuupenda mchezo bila ya kulipwa ujira. Aliyepokea malipo alihesabiwa kuwa amejitia najisi, naye hakuweza tena kuivalia jezi timu ya taifa.

Katika mwaka wa 1948 Uswidi ilikwenda London kushiriki Michezo ya Olimpiki, ikiongozwa na kocha Mwingereza, George Raynor. Ndugu watatu wa ukoo wa Nordahl walikuwamo: Bertil, Knut na Gunnar. Waliifunga Austria mabao 3-0, wakaitwanga Korea 12-0, kisha wakakutana na Denmark katika nusu fainali. Katika mechi hiyo pana tukio ambalo wapenzi wa kandanda hawachoki kulisimulia. Nordahl alijikuta amesimama mahali pa kuotea huku mashambulizi yakiendelea. Bila ya kusita alirukia ndani ya nyavu, nyuma ya mstari wa lango, ili ahesabiwe kuwa yuko nje ya uwanja; mwenzake akapiga mpira kwa kichwa, ukaingia langoni, na aliyeupokea mikononi ni Nordahl mwenyewe, akiwa ndani ya wavu! Bao lilikubaliwa. Uswidi ilishinda 4-2, na katika fainali pale Wembley ikaishinda Yugoslavia 3-1 na kutwaa dhahabu. Nordahl alimaliza mashindano akiwa na mabao saba.

Wakati huo alikuwa ameichezea nchi yake mara 33 na kuifungia mabao 43. Naomba msomaji azitazame tena hesabu hizo. Ni zaidi ya bao moja kwa kila mechi, kwa muda wa miaka sita.

Mnamo Januari 1949 klabu ya Milan ya Italia ilimchukua. Alikuwa na umri wa miaka 27, mke na mtoto, na kazi ya kuzima moto. Alikubali kulipwa kwa kile alichokifanya vizuri kuliko karibu kila mtu mwingine duniani, na siku alipokubali, taifa lake lilimfungia mlango. Hakuichezea Uswidi tena.

Sasa tutazame alichokifanya nje ya mlango huo. Katika msimu wake wa kwanza kamili, ule wa 1949-50, alifunga mabao 35 katika ligi kuu ya Italia. Mnamo Februari 1950 Milan iliwafuata Juventus nyumbani kwao na kuwacharaza mabao 7-1. Matatu yalikuwa ya Nordahl. Waswidi wenzake wawili, Gunnar Gren na Nils Liedholm, walikuwa wamemfuata Milan, na Waitalia wakaunganisha mianzo ya majina yao matatu wakawaita Gre-No-Li, kana kwamba ni dawa ya kikohozi. Mwaka wa 1951 Milan ilipata ubingwa ambao haikuwa imeuonja tangu 1907, na mwaka wa 1955 ikaupata tena. Nordahl aliibuka mfungaji bora wa ligi ya Italia mara tano: 1950, 1951, 1953, 1954 na 1955. Hadi leo hakuna mwingine aliyefikisha mara tano. Alipomaliza kazi yake huko, baada ya kupitia Roma, alikuwa na mabao 225 katika mechi 291 za ligi. Waitalia, ambao walinzi wao hawakuwa watu wa mzaha, walimwita Mzimamoto, kwa jina la ile kazi aliyoiacha nyumbani.

Nitakuwa simtendei haki msomaji nikificha kwamba waliotunga sheria ile ya ridhaa walikuwa na sababu zao. Waliamini kwamba fedha ikiingia uwanjani, mchezo hugeuka mnada. Kwamba klabu ndogo za vijijini zitanyang'anywa vijana wao na klabu tajiri za mijini. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu, na yeyote anayeitazama kandanda ya leo anajua kwamba sehemu yake imetimia. Isitoshe, mwaka wa 1950 Uswidi ilipeleka wachezaji wa ridhaa watupu katika Kombe la Dunia nchini Brazil, bila ya Nordahl, Gren wala Liedholm, na bado ikaishinda Italia 3-2 na kumaliza katika nafasi ya tatu. Watetezi wa ridhaa walikuwa na haki ya kutabasamu.

Lakini tabasamu hilo halikudumu. Waliong'ara Brazil walitazamwa na macho ya Waitalia vilevile. Lennart Skoglund alichukuliwa na Inter. Hasse Jeppson naye aliishia Italia, na mwaka wa 1952 Napoli ikamnunua kwa lira milioni 105, bei ambayo haikuwa imewahi kulipwa kwa mchezaji yeyote duniani. Kila aliyekwenda alifutwa katika daftari la taifa. Mwaka wa 1954 Kombe la Dunia lilipochezwa Uswisi (msomaji asichanganye Uswisi na Uswidi), timu ya Uswidi haikuwapo. Ubelgiji iliizuia katika mechi za kufuzu. Nordahl, ambaye mwaka huohuo alikuwa mfungaji bora wa Italia, hakuruhusiwa kuisaidia.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sheria yenyewe haikuwa na msingi imara hata kwa vipimo vyake. Kocha Raynor alitoka Uingereza, ambako malipo kwa wachezaji yaliruhusiwa tangu mwaka wa 1885 na ambako aliyelipwa aliichezea nchi yake bila ya mtu kumnyooshea kidole. Katika Olimpiki za Helsinki za 1952 dhahabu ilichukuliwa na Hungary, ambayo nahodha wake, Ferenc Puskás, alihesabiwa kuwa ni mwanajeshi anayecheza kandanda kwa ridhaa yake. Kila mtu alijua ni nani aliyekuwa akimlisha mwanajeshi huyo na kwa sababu gani. Kumbe ridhaa ilikuwa vazi tu, na aliyeadhibiwa ni yule aliyekuwa mkweli, akasema waziwazi kwamba amekwenda kufanya kazi ya mshahara.

Tena ni nani anayeweza kucheza maisha yake yote bila ya kulipwa? Mwenye mali ya kurithi anaweza. Mtoto wa kitongoji cha kiwanda hawezi. Mwili wa mshambuliaji ni mtaji unaopungua kila msimu. Akifika miaka 35 hakuna benki itakayomkopesha kwa dhamana ya magoti yake. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba uzalendo wake utapimwa kwa kukataa ujira ni kumtaka awalipie wengine fahari yao.

Sasa nawarudia walimu waliopiga makofi. Mimi nakumbuka mwaka wa 1997, walimu wa nchi hii walipoweka chaki chini na kudai nyongeza ya mishahara. Siku hizo hawakukosekana wakubwa waliotukumbusha kwamba ualimu ni wito. Neno zuri, wito. Lakini linapotamkwa na mwenye mkoba kumwambia asiye na kitu, maana yake ni ileile ya ridhaa ya Waswidi. Walimu hawakulikubali wakati huo, na sikumbuki hata mmoja wao aliyejiona msaliti wa watoto wa Kenya kwa sababu alitaka alipwe. Basi kwa nini mwanafunzi akisema anataka kuishi kwa mguu wake tunamtazama kana kwamba ametukana?

Wala hatuna haja ya kubahatisha kuhusu madhara ya kuwafungia mlango wanaokwenda kuhemea mbali. McDonald Mariga alipitia Uswidi, katika klabu ya Helsingborg, kabla ya kuingia Italia na kuchezea Parma na Inter. Ni njia ileile aliyoipita Nordahl, ila yeye aliporudi nyumbani jezi ya Harambee Stars ilikuwa ikimngoja. Michael Olunga aliwahi kuzifumania nyavu kwa niaba ya Djurgården ya Stockholm katika mwaka wa 2016, kisha akaendelea na safari zake. Mnamo Juni 2019, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri, Kenya ilikuwa nyuma ya Tanzania mara mbili na mwishowe ikashinda 3-2. Mabao mawili yalikuwa ya Olunga, aliyekuwa akilipwa mshahara wake Japani. Nahodha alikuwa Victor Wanyama, aliyekuwa akilipwa wake London. Natamani kuwauliza wale wasemaji hodari wa kidato cha tatu: usiku ule, nao walikuwa wakipiga kelele za furaha mbele ya runinga za mtaani, au walikuwa wakiwatafuta wasaliti?

Uswidi yenyewe iligutuka. Kombe la Dunia la 1958 lilipokuwa lichezwe katika ardhi yake, iliamua kuwaita waliokuwa wakilipwa Italia. Skoglund alirudi, na Kurt Hamrin, na Liedholm akakabidhiwa unahodha akiwa na miaka 35. Gren, mwenye miaka 37, alifunga bao katika nusu fainali dhidi ya Ujerumani Magharibi. Katika fainali Liedholm alitangulia kufunga dakika ya nne, kabla ya Brazil na kijana wao Pele kuuzima moto huo kwa mabao 5-2. Hapajakuwa na timu ya Uswidi iliyofika mbali zaidi katika Kombe la Dunia la wanaume. Nordahl hakuwamo. Alikuwa na miaka 36, mdogo kuliko Gren, lakini ile miaka tisa ambayo angeweza kuitumikia jezi ya manjano ilikuwa imekwisha kumwagwa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Alifariki mwaka wa 1995 nchini Italia. Mwanawe, Tomas, aliyezaliwa Norrköping wakati baba angali mzimamoto, naye alikuwa mchezaji wa kandanda. Alichezea Anderlecht ya Ubelgiji kwa malipo, na mwaka wa 1970 Uswidi ilipokwenda Mexico kushiriki Kombe la Dunia, jina la Nordahl lilikuwamo katika kikosi.