Parseli moja, nyumba sita: muhuri wa chefu wa avenyu hautoshi

Mjini Goma, parseli moja inaweza kubeba nyumba nne, tano, hata sita. Choo ni kimoja, bomba la maji ni moja, na lango la kutokea barabarani ni moja. Mwenye parseli akiuza nyumba mojawapo, mnunuzi anahesabu dola mbele ya mashahidi, chefu wa avenyu anagonga muhuri, na kila mtu anarudi kwake akiona mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Karatasi ile inaonyesha tu kwamba watu wawili waliuziana. Haionyeshi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973, iliyorekebishwa 1980, inasema kwamba ardhi ni mali ya dola. Raia anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya kuandikishwa, inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata dola moja, mnunuzi aulize: sertifika iko kwa jina la nani? Kama ni jina la baba aliyefariki, watoto wake wote ni warithi. Mmoja hawezi kuuza peke yake, hata akiwa mkubwa. Na kama parseli haijapimwa na kugawanywa na watu wa kadastri, mnunuzi amepata kuta, lakini kiwanja kingali kwa jina la mwingine. Leo mwenye parseli anamwacha apite. Kesho watoto wake wanafunga lango.

Basi mkataba useme yote: njia ni ya nani, choo kikijaa nani analipa, fakturi ya maji inagawanywa namna gani. Wakaaji wengine wa parseli nao watie sahihi. Chefu anayegonga muhuri bila kuwauliza hao anapanda ugomvi katika avenyu yake mwenyewe.

Ni kweli, sertifika inagharimu pesa na safari nyingi za ofisini, na maskini anachoka njiani. Hilo ni kosa la dola, na inapaswa kulirekebisha. Lakini anayeumia ni raia.

Wanaoweza kuumia zaidi ni familia zilizohama. Nyumba imefungwa, wenyewe wako mbali, na ndugu au jirani anaiuza. Kukimbia vita hakufuti haki ya mtu. Hata hivyo, muda unahesabiwa: sertifika ikifikisha miaka 2 tangu itolewe, haiwezi tena kupingwa, na aliyenyang'anywa anabaki kudai fidia tu. Ndiyo maana kusema “tutaangalia amani ikirudi” ni hatari.

Familia iliyohama ipige picha karatasi zake zote, iziweke kwa ndugu wawili walio mahali tofauti, na ibaki ikizungumza na jirani anayeiona nyumba. Ikisikia habari ya mnunuzi, imwandikie konservateri barua ya kupinga, itafute mwanasheria, na ibaki na kopi. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi hupotea hata mwenyewe akiwa na habari, kama hakuandika.