Presha kuka ije na mafunzo yake

Na Rehema Kisanga

Kitufe cha maharage kwenye presha kuka ya umeme hakiyajui maharage uliyonunua. Hakijui kama ni ya msimu huu au yamelala kwenye gunia mwaka mzima, wala kama umeyaloweka tangu jana au umeyatoa dukani sasa hivi. Kinachofuata ni presha na dakika zilizopangwa kiwandani, na aliyezipanga hakuwa akifikiria makande. Hayo mengine ni juu ya mpishi kuyajua. Tatizo letu ni kwamba chombo kinauzwa kila kona ya mji, lakini ujuzi wake haupatikani dukani.

Inauma, maana hakuna chombo cha umeme kinachoufaa mlo wetu kuliko hiki. Kwenye sufuria ya kawaida maji hayapiti nyuzijoto 100; Mbeya, kunakolimwa maharage kwa wingi, mwinuko unayafanya yachemke hata kabla ya 95. Ndani ya presha kuka mvuke unabanwa na joto linafika karibu 115. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva kwa takriban dakika 20 tangu presha ipande. Yasiyolowekwa, 40 hadi 50. Anayeyachemsha kwenye mkaa kuanzia saa nane mchana hadi magharibi anajua maana ya tofauti hiyo.

Ila lazima ufundishwe. Mvuke hautoki, kwa hiyo maji hayapungui: mchele uliozoea vikombe viwili vya maji kwa kimoja, humu unatosheka na kikombe kimoja na robo hivi. Maharage yanatoa povu na kuvimba, basi yasivuke nusu ya sufuria pamoja na maji yake. Kitunguu na nyanya vikaangwe kwanza mfuniko ukiwa wazi, kwa kitufe cha kukaangia, la sivyo mchuzi utakuwa na ladha ya vitu vilivyochemshwa tu. Tui zito liingie mwishoni, presha ikishashuka, kama bibi zetu walivyofanya siku zote. Na kile kipini kidogo juu ya mfuniko kikiwa bado kimesimama, usilazimishe kufungua.

Kuna moja ambalo ningependa kila mwenye chombo hiki alijue. Mashine nyingi zina pia kitufe cha kupika taratibu kwa moto mdogo. Usikitumie kwa maharage mabichi, hasa yale mekundu. Yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo joto la chini haliiondoi, nayo husababisha kutapika na kuharisha. Yaloweke, mwaga maji yale, kisha yapike kwa presha au yachemke sawasawa. Onyo kubwa namna hii, kama limo kwenye kijitabu, mara nyingi limeandikwa kwa Kiingereza na Kichina.

Wengi wananiambia wanaogopa luku. Presha kuka ya wati 1,000 ikivuta umeme saa nzima bila kupumzika inakula uniti moja, na haifanyi hivyo: presha ikipanda, inajizima na kujiwasha yenyewe. Uniti moja kwa chungu cha maharage ya familia! Linganisheni na bei ya kopo la mkaa mtaani kwenu.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuifikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Moshi umetuharibia macho na vifua vya mama zetu vya kutosha. Lakini idadi ya majiko yaliyogawiwa haitoshi kuwa kipimo. Kipimo kiwe kama chombo bado kinapika mwaka mmoja baadaye, au kimepandishwa juu ya kabati na jiko la mkaa limerudi uani.

Kwa hiyo nina maombi. Wauzaji, wekeni ndani ya boksi karatasi moja ya Kiswahili yenye maharage, makande, wali, utumbo na mchuzi wa nyama, pamoja na vipimo vya maji na dakika. Wizara ya Nishati, kila panapogawiwa majiko pawe na mpishi anayepika mbele ya watu, wakaonja. Nanyi kina shangazi na masomo mnaomfunda bibi harusi: presha kuka ikiletwa kwenye kicheni pati, msiiache kwenye boksi lake. Ifungueni hapo hapo, mwagieni maharage mliyoyaloweka tangu jana, na bibi harusi mwenyewe ndiye abonyeze kitufe.