Shaba iliyo moyoni

Watu wa Katanga waliijua shaba tangu zamani za mababu: walisubu misalaba yake, wakanunulia vitu na kutolea mahari. Lakini moyo nao huitaka shaba, ingawa mtu mzima hahitaji hata miligramu moja kwa siku.

Katika miaka ya 1930, huko Australia ya Magharibi, ng'ombe walioonekana wazima walianguka malishoni wakafa papo hapo. Bwana Bennetts, mganga wa mifugo, na wenzake walipowapasua waliona nyama ya moyo imenyauka, makovu yameshika mahali pake. Majani ya nchi ile yalipungukiwa shaba.

Mishipa ya damu nayo huumia. Mshipa mkubwa utokao moyoni hutanuka na kurudi kila moyo upigapo. Nyuzi zake hufungamanishwa na kimeng'enya kisichofanya kazi pasipo shaba; zisipofungamana, mshipa huvimba, hata kupasuka. Ndivyo walivyokufa nguruwe walionyimwa shaba katika majaribio ya Marekani.

Kwa watu upungufu huu ni wa nadra. Hata hivyo, mwaka 1964 waganga wa Lima, nchini Peru, waliandika habari za watoto wachanga waliokuwa wakiponywa utapiamlo kwa maziwa ya ng'ombe: damu yao ilipungua, mifupa ikadhoofika. Maziwa hayo yana shaba kidogo mno. Basi mama, mtoto akitimiza miezi sita, pamoja na kunyonya apate maharagwe yaliyopondwa, karanga zilizosagwa, na ini kidogo likipatikana. Bangili ya shaba mkononi mwake ni pambo tu.