Nani Atautangaza Mpira wa Kikapu?

Wapo watakaostaajabu kumwona mwanafunzi wa fasihi akiandika kuhusu mpira wa kikapu katika jarida la chama chetu. Na wastaajabu. Mchezo huu ni mtoto wa chuo. Mnamo Desemba 1891, katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alipigilia vikapu viwili vya matunda ukumbini ili wanafunzi wake wapate mchezo wa kucheza ndani wakati wa baridi. Vyuo ndivyo vilivyoulea. Mashindano ya kitaifa ya wanaume ya NCAA yalipoanza mwaka 1939, timu zilikuwa nane tu, na Oregon ikaibuka bingwa. Mwaka 1955 Chuo Kikuu cha Kansas, alikofundisha Naismith mwenyewe, kilifungua ukumbi wa Allen Fieldhouse, ambao kwa miaka mingi uliketisha watu zaidi ya 16,000.

Kwetu mambo yalikwenda mkondo mwingine. Ukumbi wa Kasarani ulijengwa na serikali kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, wala si na chuo chochote. Mwaka 1993 Nairobi iliandaa ubingwa wa Afrika na Kenya ikamaliza ya nne. Haikurejea katika fainali hizo hadi mwaka 2021 kule Kigali. Hata hivyo, timu za wanaume za vyuo kama USIU, Strathmore na KCA zimepambana katika ligi ya taifa na vigogo kama Ulinzi, timu ya wanajeshi, mara nyingi katika ukumbi wa Nyayo.

Niliwahi kuhudhuria mechi moja ya vyuo. Mtangazaji alianza kwa Kiingereza, akamaliza kwa Kiingereza, nasi watazamaji tungaliweza kuhesabiwa kwa vidole. Nilirejea Kware, mtaa ninaoishi huko Embakasi, nikawakuta vijana chini ya duara la chuma lililofungwa kwenye nguzo. Hakuna aliyejua kwamba siku hiyo kulikuwa na mechi. Kutoka Kware hadi Nyayo si mbali sana, ni kuvuka Eneo la Viwandani tu, ila habari haikuvuka.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliifikisha kandanda kwa redio katika nyumba ambazo wenyeji wake hawakuwahi kuona uwanja. Penalti na kona zikawa Kiswahili bila kikao cha yeyote. Mpira wa kikapu wa vyuo haujapata sauti ya namna hiyo, na lawama hii naielekeza kwetu sisi wa idara za Kiswahili.

Najua atatokea mhadhiri atakayedai tuunde kwanza kamati ya istilahi. Kwa heshima zote, napinga. Jina Kware lenyewe si la yule ndege wa porini. Ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe ambalo wananchi walilivisha kanzu ya Kiswahili. Vijana wa pale chumani tayari "wanadanki" na "wanadundisha". Wampao mtoto jina ni wale wanaoishi naye.

Basi chama chetu kiombe vyuo kipaza sauti kimoja na mechi moja, kitoe watangazaji wawili, na tangazo la mechi hiyo libandikwe hadi Pipeline na Kware. Aidha, sisi tunaokwenda nyanjani kukusanya ngano na vitendawili tuwaendee wachezaji wa kizazi cha 1993, ambao sasa wana mvi, tuwarekodi wakisimulia walivyocheza. Jambo hilo halihitaji ruhusa ya mtu. Kwa upande wangu, nina kinasa sauti, na Jumamosi zangu ni huru.