Nguvu ya Kuvuta Si Nguvu ya Kusimama

Upo ujasiri wa kipumbavu katika barabara zetu, na hapana budi usemwe hadharani. Ni ujasiri wa dereva anayefunga tela dogo nyuma ya pikapu au Landrova, akalijaza saruji, mabati, magunia ya mbegu au tangi la maji, kisha akaondoka kwa mwendo ule ule anaokwenda siku zote, kana kwamba nyuma yake hakuna kitu. Akiulizwa, hujibu kwa majivuno kwamba gari lake lina nguvu, hata halisikii kama linavuta.

Jibu hilo ndilo kiini cha maradhi yenyewe. Injini ndiyo inayovuta, lakini injini siyo inayosimamisha. Gari lisilousikia mzigo wakati wa kuondoka litausikia siku litakapotakiwa kusimama ghafla, na siku hiyo atakayelipa gharama huenda asiwe dereva, bali mtoto aliyekuwa akivuka barabara kwenda shule.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Chukua pikapu yenye uzito wa kilo 1,900 ikiwa tupu. Wapakie watu na mizigo, kilo 700. Nyuma yake funga tela ambalo pamoja na shehena yake lina kilo 1,000. Jumla ni kilo 3,600. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika sehemu za makazi, na kilometa 80 kwa saa nje ya makazi kwa gari ambalo uzito wake unaoruhusiwa unazidi kilo 3,500. Dereva wetu husikia maneno hayo akajitoa haraka: "80 ni ya malori, mimi nina gari dogo." Mawakili wanaweza kubishana mahakamani siku nzima kama gari na tela vihesabiwe pamoja au mbali mbali. Breki hazibishani. Zenyewe hujumlisha.

Tena kuna jambo ambalo mwalimu yeyote wa fizikia anaweza kulithibitisha ubaoni. Mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Kutoka kilometa 80 hadi 100 kwa saa dereva hujiona ameongeza kidogo tu, kumbe amezitwika breki zake zaidi ya nusu ya kazi ziliyokuwa nayo. Matela mengi madogo hayana breki zake yenyewe, kwa hiyo kazi yote huangukia magurudumu ya gari la mbele, huku tela likilisukuma kwa nyuma. Aidha, kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa gari hukata mita 22 katika kila sekunde. Sekunde moja ya mshangao kabla mguu haujafika kwenye breki imekwisha kula mita 22, na gari bado halijaanza hata kupunguza mwendo.

Lakini breki ni nusu tu ya habari. Tela lina tabia yake, nayo ni kuyumba. Upepo wa ubavuni, shimo, au basi linalopita kwa kasi hulitikisa tela kidogo. Kwa mwendo wa wastani mtikisiko huo hufa wenyewe. Kwa mwendo mkubwa haufi, hukua. Tela huchapa kulia na kushoto kama mkia wa mamba, likauchukua usukani kutoka mikononi mwa dereva, na mwisho wake ni gari na tela kujikunja au kupinduka. Madereva wapitao Makambako na Singida wanaufahamu upepo wa huko. Kwa mwenye tela tupu lenye turubai lililotuna, upepo huo si wa kufanyiwa mzaha.

Ubaya ni kwamba dereva asiyefundishwa, tela likianza kuyumba, hufanya moja kati ya makosa mawili: hukanyaga breki kwa nguvu, au huongeza mafuta akidhani atalinyoosha. Yote mawili humwangamiza. La kufanya ni kuondoa mguu kwenye mafuta, kushika usukani imara bila kupigana nao, na kuliacha gari lipungue lenyewe.

Upakiaji nao una kanuni zake. Mzigo mzito ukae chini, juu ya ekseli na mbele yake kidogo, ili sehemu ndogo ya uzito ilalie kwenye kiungo cha kuvutia. Kwa tela dogo, kama sehemu 5 hadi 10 katika kila 100 ya uzito wote yatosha: yaani tela la kilo 750 lilalie kiungo kwa kilo 40 hadi 75 hivi. Utingo anayerundika magunia nyuma kwa sababu mlango uko nyuma analiinua tela mbele na kuliandaa kuyumba. Anadhani anapakia mbegu. Kwa hakika anapakia ajali. Tuongeze hapo minyororo ya usalama, upepo wa tairi, na taa za nyuma zinazowaka kweli.

Katika miteremko, kama ule wa Mlima Kitonga katika barabara ya Iringa, dereva mwenye tela anatakiwa kuingiza gia ndogo kabla hajaanza kushuka, si baada ya breki kuchemka. Anayeshuka kwa breki peke yake ataziunguza, na breki zilizoungua hazina habari na cheo cha mtu aliyeketi kiti cha mbele.

Wapo watakaosema kwamba huu ni woga wa watu wasiojua magari. Basi na tuwatazame wanaoyatengeneza. Ujerumani ina barabara kuu ambazo, katika sehemu nyingi, magari madogo hayakuwekewa kikomo cha lazima cha mwendo. Lakini katika barabara hizo hizo, gari dogo likifunga tela kikomo chake ni kilometa 80 kwa saa. Anayetaka kufika 100 sharti atimize masharti maalumu ya uzito na breki, na tairi za tela zisiwe zimezidi umri wa miaka 6. Uingereza gari dogo lenye tela, katika barabara ya kawaida ya njia mbili, haliruhusiwi kuzidi maili 50 kwa saa, yaani kama kilometa 80, ingawa bila tela lingeruhusiwa maili 60. Huko huko, tela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750 au nusu ya uzito wa gari linalolivuta, kwa kutegemea kipi ni kidogo. Hatutaji nchi hizo kwa kuziabudu. Tunauliza tu: ikiwa waliounda gari na kuijenga barabara pana isiyo na mbuzi wala baiskeli wanapunguza mwendo wakifunga tela, sisi wenye barabara inayopita katikati ya vijiji, magulio na shule tumepata wapi ruhusa ya kuongeza?

Hoja ya pili wanayoitoa ni kazi. Mradi unasubiri, mkutano unaanza saa nne, mkubwa anataka ripoti. Na hiyo tuipigie hesabu. Kutoka Morogoro hadi Dodoma ni karibu kilometa 260. Kwa kilometa 80 kwa saa ni saa 3 na dakika 15. Kwa kilometa 100 kwa saa ni saa 2 na dakika 36. Tofauti ni dakika 39, tena kwenye karatasi tu, maana barabara ina matuta, mizani na vijiji. Mtumishi wa umma ambaye mipango yake inaharibika kwa kukosa dakika 39 hana tatizo la barabara. Ana tatizo la kuchelewa kuamka.

Hoja ya tatu ni ile ya kumsingizia Mwenyezi Mungu: siku ikifika imefika. Hatukatai imani ya mtu. Lakini Mungu hakumwamuru mtu yeyote afunge tela kwa waya badala ya pini, wala hakumzuia fundi kubadilisha taa iliyoungua. Kuita uzembe kuwa ni majaliwa ni kumkosea Mungu na kumkosea marehemu.

Tufike sasa palipo na uchungu zaidi. Baadhi ya wanaovunja kanuni hizi wanaendesha magari ya umma. Mwananchi wa kijijini huona gari lenye namba za Serikali likipita na tela kwa kasi mbele ya soko, na askari wa usalama barabarani akigeuza uso pembeni. Anajifunza nini? Anajifunza kwamba sheria ni ya wanyonge. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea kibri na majivuno ya viongozi. Kibri hakikai ofisini tu. Kinakaa pia nyuma ya usukani, na katika kiti cha abiria mkubwa anayemhimiza dereva akanyage mafuta. Taifa hili lilimpoteza Waziri Mkuu Edward Sokoine kwa ajali ya barabarani tarehe 12 Aprili 1984. Baada ya msiba ule hakuna kiongozi mwenye haki ya kudhani kwamba barabara inatambua vyeo.

Walimu nao hatutawaacha. Kupakia wanafunzi katika tela la trekta kwenda kwenye michezo au kuvuna shamba la shule, huku wakiimba wamesimama, si kubana matumizi. Tela limeundwa kubeba mzigo. Halina viti, halina mikanda, na likipinduka halina kinachomzuia mtoto asilaliwe nalo. Tena mwalimu awafundishe watoto jambo moja ambalo dereva huenda asiwaambie: kwenye kona tela halifuati njia ya gari, bali hukata kwa ndani. Mtoto aliyelipisha gari huamini hatari imepita, akarudi barabarani, kumbe gurudumu la tela ndilo linakuja.

Tunachodai si kikubwa. Kila gari linalovuta tela lisizidi kilometa 80 kwa saa katika barabara ya lami, na lisizidi 60 katika barabara ya changarawe. Na katika makazi kile kikomo cha 50 kiheshimiwe kama sheria, si kama ushauri. Mtihani wa udereva kwa watakaovuta tela uwe na somo la kupakia, kurudi nyuma na kutuliza tela linaloyumba. Tela lisilo na taa lisitoke langoni, na likiharibika njiani liwekewe pembetatu za kuakisi mwanga, si matawi ya miti ambayo usiku hayaonekani mpaka mtu ameshayafikia.

Ofisi za umma hazihitaji kusubiri Bunge. Mkuu wa ofisi anaweza kutoa amri hiyo kesho asubuhi kwa karatasi moja, akaisaini, akaibandika kwenye ubao wa madereva, na yeye mwenyewe akaitii anapoketi kiti cha mbele. Asiyeweza kuwaongoza madereva wake wawili au watatu asituambie kwamba anaweza kuwaongoza wananchi.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mwenye tela ana sababu mara mbili ya kwenda pole, kwa kuwa anaendesha vitu viwili kwa usukani mmoja.